Saa ya Messi Nyumbani kwa Mwanasiti

Ukitaka kumuudhi Mwanasiti binti Abdurahim, muulize habari za macho yake. Watu wa Majengo walilijua hilo wakakaa nalo mbali, kwa sababu ulimi wake ulikuwa mkali, na mahamri yake hayakuwa na mpinzani Pumwani nzima, na nani anataka kukosana na mtu anayemlisha kila asubuhi? Mgeni asiyejua akiuliza, alijibiwa kwamba macho ni mazima, kuna ukungu kidogo tu. Ukungu gani huo wa miaka na miaka, jamani? Lakini alilisema kwa uso mkavu kabisa, ukaondoka wewe ndiye unayeona haya.

Ukweli ni kwamba alikuwa haoni. Ugonjwa ulianza binti yake Muhiba akiwa bado shuleni, daktari akauita presha ya macho, akampa dawa ya matone. Jicho la kushoto lilizima kwanza. La kulia likafuata polepole, kama taa ya chemni inayoishiwa mafuta, na miaka ya sabini ilipokuwa inaishia hata kivuli cha mtu mlangoni alikuwa hakioni tena. Hakumwambia mtu yeyote. Mumewe Hamidi, aliyelala naye kitanda kimoja, alidhani bado anaona vya kutosha kutofautisha mtu na nguzo.

Alikuwa na ujanja wake. Watu aliwajua kwa nyayo, kwa kikohozi, kwa sabuni waliyoogea. Jirani yake Fatu kila Ijumaa alikuja amejipamba, basi kila Ijumaa Mwanasiti alimwambia, leo umependeza, mwanamke, unakwenda wapi, naye Fatu akacheka na kuzunguka ili aonwe vizuri. Mwongo mkubwa yule mama, Mungu amrehemu. Vitu vyake vyote jikoni vilikuwa na mahali pake, na ole wake aliyehamisha hata kijiko.

Wala msidhani alificha kwa kiburi tu. Muhiba, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameolewa Mombasa, na alikuwa ameapa kwamba siku mama akizimika macho kabisa atakuja kumchukua. Alisema kwa mapenzi, binti wa watu, hakuwa na ubaya. Lakini Mwanasiti alimkumbuka shangazi yake aliyechukuliwa namna hiyo hiyo. Waliomchukua walimpenda sana. Walimkalisha mkekani pembeni, wakamlisha, wakamwogesha, wakazungumza juu ya kichwa chake kana kwamba masikio nayo yamekufa, na kabla ya muda mrefu akawa hana neno la kumwambia mtu. Mwanasiti alizaliwa katika nyumba ile ya Majengo, nyumba aliyoijenga baba yake Abdurahim kwa udongo na mabati, na kila ukuta aliujua kwa kiganja. Pale alikuwa mtu. Kuondolewa pale ndiko alikokuogopa kuliko giza lenyewe.

Sasa tuje kwa Hamidi na saa yake.

Hamidi alikuwa askari, lakini usimfikirie na bunduki. Kazi yake ilikuwa messi ya maofisa katika kambi moja nje ya mji. Alipanga uma na visu, akamimina chai, akakunja vitambaa vya meza mpaka vikasimama vyenyewe. Aliingia kijana, wakati maofisa wote ni Wazungu, akawahudumia mpaka wakafunga virago, kisha akawahudumia Waafrika waliokalia viti vyao. Alijua nani anatia sukari na nani anajidai hatii. Kwa kazi hiyo alikuwa na fahari ambayo hata jenerali hana.

Katika messi ile, kwenye rafu iliyo juu ya meko ya moto, palikuwa na saa. Wazungu waliiacha walipoondoka. Ilikuwa ya mbao nyeusi, ina nguzo ndogo za shaba pande zote mbili mfano wa mlango wa benki, na hakuna aliyejua nani aliileta. Wenyewe walisema walipoikuta ilikuwa kuukuu tayari. Kila asubuhi Hamidi aliifuta vumbi. Alipostaafu, katikati ya miaka ya sabini, maofisa walifanya karamu ya kumuaga, wakamkabidhi saa ile ile, na kwenye kibati cha shaba chini yake wamechora jina lake na miaka aliyotumikia.

Alirudi nayo kwa Land Rover ya jeshi, ameipakata kwa blanketi, na mtaa mzima ukatoka kuangalia. Akaiweka ukumbini juu ya kabati, akaitia ufunguo, akaisogeza hivi na hivi mpaka ikakaa sawa. Akamwita mkewe aishike. Mwanasiti akapitisha vidole kwenye zile nguzo, kwenye kioo, kwenye herufi za jina la mumewe, na moyo wake ukajaa. Wakati huo jua lilikuwa linashuka. Mishale ikafika kwenye sita, saa ikakoroma kidogo ndani ya tumbo lake, ikapiga.

Ikapiga mara kumi na mbili.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kule messi, mishale ikiwa kwenye sita, saa ile ilikuwa inapiga sita, kama saa zote za Wazungu. Sisi tukiona mishale iko kwenye sita tunasema ni kumi na mbili, ndivyo tulivyolelewa, na hakuna anayechanganyikiwa. Jicho linaona sita, mdomo unasema kumi na mbili, maisha yanaendelea. Lakini jioni ile mishale ilionyesha sita na kengele yenyewe ikapiga kumi na mbili. Saa iliyofuata, mishale ikiwa kwenye saba, ikapiga moja tu. Saa ya Wazungu ilikuwa imeanza kuhesabu kama watu wa Majengo.

Mwanasiti alifurahi, akasema saa hii ina akili, inajua iko kwa nani. Hamidi hakufurahi hata chembe. Aliijua saa ile kama anavyojua mkono wake, na alijua kwamba katika messi haikuwa inapiga hivyo. Basi imeharibika. Na kama imeharibika, maofisa walijua. Ndiyo maana wakaona wampe mpishi wa chai, kuliko kuitupa. Alikaa kwenye kiti na sare yake ya mwisho mwilini, akatazama kibati chenye jina lake, na furaha yote ikamtoka.

"Miaka yote ile, Mama Muhiba," alisema. "Halafu wananipa kibovu chao."

Tangu siku hiyo hakukanyaga kambini tena. Alialikwa, hakwenda. Wenzake wa zamani wakija kumtembelea, saa ikipiga tisa na mishale iko kwenye tatu, walicheka, na yeye alicheka nao kwa meno tu. Mwanasiti aliona, yaani alisikia, jinsi mazungumzo ya saa yanavyomchoma, akaamua kutoyagusa.

Kwa hiyo hakumwambia kamwe jambo moja kubwa. Saa ile ndiyo iliyokuwa macho yake.

Ilipopiga kumi alfajiri, kabla hata ya adhana, aliamka. Unga alikuwa ameukanda jana yake kwa tui na iliki, sasa umeumuka. Ikipiga kumi na moja, mahamri ya kwanza yameingia kwenye karai. Kumi na mbili, anasikia nyayo za wachukuzi wa Gikomba na mikokoteni yao, na wafanyakazi wa reli wanaopita kwenda zamu, na vijana wanaosema niaje mathe, tia mbaazi nyingi. Ikipiga mbili, amemaliza kuuza na anafagia. Sita, anaweka wali. Siku nzima ilikuwa na kuta na milango kama nyumba yake, naye akatembea humo bila kushikwa mkono. Hakusoma shule hata siku moja. Mishale na namba za saa hakuwahi kuzijali hata alipokuwa anaona. Alichojua ni kuhesabu kengele, na kengele zilimwambia saa aliyoijua tangu utotoni. Ijumaa alitia ufunguo mwenyewe, akilipapasa tundu kwa kidole, huku Hamidi yuko msikitini. Aliishukuru saa ile kuliko alivyoshukuru kitu chochote kilichowahi kuingia nyumbani mwake kwa mlango wa mbele.

Miaka ikapita hivyo, ikaingia ya themanini.

Mwaka mmoja Muhiba akaleta habari kwamba atakuja kula Idd kubwa na wazee wake, yeye na mtoto mchanga. Nyumba ikachangamka. Kuta zikapakwa chokaa, mapazia yakafuliwa. Hamidi naye akaona wakati umefika wa kuitengeneza saa. Alikuwa amekutana na koplo mmoja wa messi pale Muthurwa, Matheka, mtu ambaye hawajaonana tangu mwaka ule wa kuagwa, akamkaribisha Idd. Na hakutaka Matheka amkute bado na kilema cha maofisa juu ya kabati. Akamwambia mkewe anaipeleka ikapigwe vanishi. Mwanasiti akasema sawa, ila irudi leo leo.

Hamidi akaipeleka kwa Kinyanjui, fundi saa aliyekuwa na kibanda chake ukingoni mwa Gikomba. Kinyanjui akaifungua, akaisikiliza, akatabasamu. Alisema haina ugonjwa wowote, ila hesabu ya kengele imeachana na mishale, akaichezea kidogo, na mishale ilipofika kwenye nane ikapiga nane. Hamidi alisikia kama amepewa zawadi yake upya. Aliirudisha nyumbani baada ya sala ya isha, anatembea wima kama yuko gwaride. Mkewe alikuwa amelala mapema, kama wafanyavyo wapika mahamri wote, na Muhiba aliyefika siku hiyo alikuwa amejilaza na mtoto chumba cha pili. Akaiweka juu ya kabati taratibu. Alitaka iwe furaha ya asubuhi.

Alfajiri saa kumi, saa ilipiga nne. Mwanasiti alikuwa amezoea kuamshwa na kengele kumi. Zile nne hazikumtosha, akaendelea kulala. Akaja kuamka mwenyewe, anajua tu kuna kitu hakiko sawa, na hapo hapo saa ikapiga. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Ikanyamaza.

Saa tano! Jua liko utosini, na yeye bado yuko kitandani. Wachukuzi wamepita na njaa, wafanyakazi wa reli wamepita na njaa, unga umeumuka mpaka umechacha, na Muhiba ameamka, amemkuta mama yake amelala mchana kweupe, sasa anajua. Hayo yote yalimpita kichwani kwa pumzi moja. Kwa mtu aliyeko gizani muda wote, alfajiri na mchana vina rangi moja. Kama angetulia kidogo tu angesikia kwamba mtaa bado kimya. Hakutulia. Alikwenda uani mbio, akawasha stovu, akapandisha karai la mafuta, akaanza kukata donge haraka haraka, akidhani pengine Muhiba yuko nje na hajaona bado.

Mafuta yalikuwa yamepata moto barabara mwadhini alipoanza. Adhana ya alfajiri, yenye maneno yale ya sala ni bora kuliko usingizi, ambayo hayasomwi wakati mwingine wowote. Mwanasiti alishtuka akageuka, alfajiri gani tena saa tano, na kiwiko chake kikagonga mkono wa karai.

Mungu alimlinda uso. Mafuta yalimshika mkono wa kulia, kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo.

Walimkimbiza hospitali, akafungwa bandeji, akarudi nyumbani. Muhiba alimkalisha barazani kwenye mwanga, akampepea, na alipokuwa anampepea akasimamisha kipepeo cha ukindu mbele ya macho ya mama yake. Akakipeleka karibu zaidi. Mwanasiti hakupepesa. Binti akaanza kulia bila sauti, na mama akajua analia kwa namna anavyovuta pumzi, na wote wawili wakajua kwamba siri imekwisha.

Basi shauri likapitishwa. Muhiba alisema mama hatabaki na stovu na mafuta ya moto hata wiki moja. Baada ya Idd wanapanda gari la moshi, wanakwenda Mombasa. Hamidi alikuwa ameona haya mpaka shingoni, mtu mzima aliyejua nani anatia sukari na nani hatii, na hakujua kwamba mkewe haoni. Nguo zikaanza kukunjwa. Mwanasiti, aliyekuwa hakai chini toka jua linachomoza, akakalishwa mkekani pembeni ya ukumbi, na kwa siku mbili hakuna aliyemsikia akimtania mtu.

Siku ya pili jioni, saa ikapiga sita juu ya kabati. Mwanasiti akasema, kama anayezungumza na ukuta, kwamba hata hii nayo imeamua kumdanganya. Hamidi akamuuliza imemdanganya nini. Akamwambia kwamba siku ile imepiga tano, na yeye akaamini ni saa tano.

Hamidi akaja akachuchumaa mbele ya mkeka.

"Kwani ulikuwa unaihesabu?"

"Wewe ulidhani nilikuwa nakaanga mahamri kwa kutazama nini, Baba Muhiba?"

Maskini Hamidi. Kesho yake alfajiri aliibeba saa mpaka Gikomba, akakuta kibanda kimefungwa, Kinyanjui amekwenda kwao Murang'a kwenye matanga. Akarudi nayo, akaketi nayo mezani, akajaribu mwenyewe. Alizungusha mishale duara zima, ikapiga kila saa kwa usahihi ule ule wa Kizungu, mpaka Fatu akabisha hodi kuuliza kuna nini. Muhiba akamwambia baba yake aiache tu, maana mama anaondoka na mkono umeshaungua. Hakusema kwa ubaya. Lakini Hamidi alikwenda uani akasimama huko peke yake.

Ikawa Idd. Watu walikula, lakini ulikuwa ulaji wa kuagana. Sanduku lilikuwa tayari karibu na mlango. Alasiri akafika Matheka kutoka Makongeni, alikokuwa akikaa na mkewe Kavutha, karani wa reli. Mtu mrefu, sauti ya chini, ameshika kofia mkononi. Mara tu baada ya ile karamu ya Hamidi alihamishiwa kambi ya mbali, na ndio kwanza amestaafu akarudi mjini. Akampa Mwanasiti mkono wa Idd, akamkuta na bandeji, akauliza.

Hamidi alimweleza yote, hakujificha. Alieleza jinsi saa ilivyokuja mbovu, jinsi alivyoitengeneza, na kilichotokea. Alipofika kwenye neno mbovu, Matheka alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. Akamuuliza ina maana hajui.

Ndipo Matheka akaeleza, polepole, na Mwanasiti akageuza uso upande wa ile sauti.

Kumbe katika kamati ya messi, walipoamua kumpa Hamidi saa, Kapteni Aloo aliyekuwa msimamizi aliuliza kama itamfaa nyumbani. Matheka akajibu kwamba itamfaa mkewe zaidi, kwa sababu yule mama macho yanamwisha, na saa inayopiga ataisikia. Idd moja Matheka alikuwa amekula nyumbani kwa Hamidi, na alipokuwa anamiminiwa chai aliona Mwanasiti ametumbukiza ncha ya kidole ndani ya kikombe ajue imefika wapi. Hakumwambia mtu pale Majengo. Lakini alimwambia kapteni, na akamwambia tena kwamba mama huyo hesabu yake ni ya jua linavyochomoza, saa ya Kizungu itampiga chenga. Kapteni akacheka, akasema basi tuifundishe. Wakaiweka juu ya meza ya mchezo wa bilia mchana mzima, kapteni na koplo, wakiichezea, mpaka wakagundua namna ya kuifanya kengele iende bila mishale kwenda.

"Na siku ya karamu kapteni aliyaeleza haya yote kwenye hotuba yake," alisema Matheka. "Watu walipiga makofi. Wewe hukuwepo, Hamidi. Uliona birika la chai limepoa, ukainuka kwenye karamu yako mwenyewe ukaenda jikoni kuleta jingine."

Hamidi alikumbuka birika. Miaka yote ile alikuwa amewatukana moyoni watu waliomfikiria mkewe kabla yeye mwenyewe hajamfikiria. Machozi yalimtoka mbele ya binti yake na mbele ya mgeni, wala hakuyafuta. Akamshika Matheka mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema ahsante, akairudia, na Matheka akasema haya, haya, mzee mwenzangu, imetosha.

Kisha Matheka akavua koti akaiteremsha saa. Aliusukuma mshale mrefu mpaka kwenye kumi na mbili, ikapiga. Akaurudisha nyuma kidogo, akausukuma tena, ikapiga hesabu inayofuata, na mishale haijasonga popote. Alifanya hivyo huku Mwanasiti anahesabu kwa sauti, mpaka akamwambia basi, hapo hapo, iache.

Muhiba alikuwa amesimama karibu na sanduku. Aliona jinsi uso wa mama yake ulivyorudi mahali pake. Lakini alikuwa mtu wa akili, hakutaka kulainishwa kwa kengele tu, akauliza na siku ikiharibika tena itakuwaje.

"Siku hiyo mtaniambia," alisema Mwanasiti. "Muhiba, mwanangu, kilichoniunguza si upofu. Nimekaanga nikiwa kipofu miaka, hata vidole sijachoma. Kilichoniunguza ni kutoambiwa. Na mimi nami sikuwaambia ninyi. Haya, leo nasema mbele ya mgeni. Sioni. Hata wewe sikuoni. Nataka kubaki nyumbani kwangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo, na dari haikuanguka. Muhiba alikaa mkekani karibu naye, akaweka kichwa begani pake upande usio na bandeji. Walinong'onezana mambo yao ya mama na binti, sikuyasikia, wala hayatuhusu. Hamidi akasema kuanzia sasa ataamka naye alfajiri, awashe stovu na kupandisha karai yeye, na Mwanasiti akamjibu kwamba afadhali, alikuwa analala mno. Sanduku likafunguliwa, kanga zake zikarudishwa kabatini, na juma lile Muhiba akapanda gari la moshi na mtoto wake peke yao.

Lakini hilo lilikuja baadaye. Jioni ile ya Idd, Matheka alipoinuka kuaga, Mwanasiti alimwomba akae kidogo, ana jambo.

"Shemeji, kila alfajiri nikimaliza kusali nilikuwa namwombea dua mtu aliyeiharibu hii saa. Miaka yote hii. Sikujua ni nani, basi nilikuwa nasema tu, ewe Mola, yule aliyeiharibu, mpe kheri. Sasa nimekujua. Na kapteni wako nitamtaja. Lakini sisi mtu tukimwombea kwa kumtaja, tunamtaja na mama yake. Mama yako ni nani?"

Matheka alikuwa Mkristo, mtu wa kanisani, na jambo hilo lilikuwa geni kwake. Akaigeuza kofia mikononi.

"Aliitwa Syombua."

"Matheka mwana wa Syombua," alirudia Mwanasiti, taratibu, ili asije akasahau.

Syombua alikuwa amezikwa Kangundo zamani, na ilikuwa miaka mingi tangu mtu yeyote amwombe Matheka alitaje jina lake.